Wanangu, Hesabuni Pumzi

Wanangu mnaoanza kazi ya wodi, madaktari mlio katika mafunzo kwa vitendo, matabibu na wauguzi: nina jambo moja la kuwausia, na nalisema nikiwa nimeshastaafu, sina cheo cha kulinda wala mtu wa kumwogopa. Mgonjwa anayepumua kwa kasi na kwa kina, huku mapafu yake yakiwa safi mnapoyasikiliza, yuko hatarini kwa sababu ambayo mara nyingi haimo kifuani kabisa. Msimwandikie dawa ya nimonia mkapita kitanda kinachofuata. Msiseme ana wasiwasi. Msimchome sindano ya kumtuliza. Simameni pale, mhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, kisha mjiulize: asidi hii inatoka wapi?

Nalianza hapa kwa sababu najua chati zetu zilivyo. Fungueni faili za wodi nyingi mtaona joto limepimwa, presha imepimwa, mapigo ya moyo yamepimwa, na kwenye safu ya pumzi kila mgonjwa ana 20. Mzee wa kiharusi 20, mama aliyejifungua jana 20, kijana wa kisukari anayehema kama aliyepanda mlima naye 20. Hakuna aliyehesabu. Namba hiyo imeandikwa kwa mazoea, na mazoea hayo yamezika watu. Kipimo pekee cha wodini kinachoonyesha asidi ya damu bila mashine na bila senti moja ndicho tunachokidanganya kila asubuhi.

Elewaneni kwanza na mwili wenyewe. Kila chembe hai huchoma chakula na kuacha hewa ukaa, na hewa hiyo ikikutana na maji huwa asidi. Mtu mzima hutoa kiasi cha milimoli 15,000 za hewa ukaa kwa siku kupitia mapafu. Figo nazo huondoa asidi nyingine zinazotokana na protini, kiasi cha milimoli 1 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kazi yote hiyo hufanyika ili pH ya damu ya ateri isitoke kati ya 7.35 na 7.45. Upana huo ni mdogo mno, na kipimo chenyewe huwalaghai wasiokizoea, kwa kuwa ni cha logarithimu. Mkiona pH imeshuka kutoka 7.4 hadi 7.1 mnaweza kudhani kimepungua kitu kidogo. La hasha. Ioni za hidrojeni zimetoka nanomoli 40 kwa lita hadi 80, yaani asidi imekuwa mara mbili.

Mapafu na figo hushirikiana. Bikaboneti ikipungua kwa sababu asidi imeila, ubongo huamuru mapafu yatoe hewa ukaa zaidi, na agizo hilo hutekelezwa ndani ya dakika. Hewa ukaa ikirundikana kwa sababu mapafu yameshindwa, figo huanza kuhifadhi bikaboneti, lakini figo haziendi mbio: huchukua siku 3 hadi 5 kukamilisha kazi. Lawrence Henderson aliuandika uhusiano huu mwaka 1908, na Karl Hasselbalch akauweka katika umbo la pH mwaka 1916. Wanafunzi huikariri fomula yao kwa ajili ya mtihani na kuisahau siku ya pili. Mimi nawataka mbaki na maana yake: pH haitegemei bikaboneti peke yake wala hewa ukaa peke yake, inategemea uwiano wa hizo mbili. Mtu akiwapa namba moja bila mwenzake hajawapa kitu.

Gharama ya kutazama namba moja ilionekana Copenhagen mwaka 1952, na natamani kila kijana wa fani hii akijue kisa hicho. Polio ililipuka katika mji huo kuanzia Julai. Hospitali ya Blegdam ilipokea wagonjwa kwa makumi kila siku, wengi wao watoto, na waliopooza misuli ya kupumulia na kumezea walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Hospitali ilikuwa na mashine moja tu ya tangi, ile inayomfunika mgonjwa mwili mzima isipokuwa kichwa, na vifaa 6 vya kuvalisha kifuani. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliotibiwa kwa vifaa hivyo, 27 walikufa. Maabara ilikuwa ikipima jumla ya hewa ukaa iliyomo katika damu, kipimo ambacho sehemu yake kubwa ni bikaboneti, na namba ilitoka juu sana. Madaktari waliitazama wakasema damu imejaa alkali kwa sababu isiyojulikana. Jasho lilikuwa likiwatoka wagonjwa, presha ikipanda, fahamu ikipotea, na watu wenye elimu kubwa wakijadili ni alkali gani hii.

Akaitwa daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen. Yeye alikuwa ameshika pumzi za watu kwa mikono yake katika chumba cha upasuaji, na alipotazama wale watoto alisema tatizo si alkali. Bikaboneti imepanda kwa kuwa hewa ukaa imejaa mwilini, mapafu hayapeperushwi, wanakufa kwa kukosa pumzi. Tarehe 27 Agosti alipewa msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho. Koromeo likatobolewa, mpira wenye mfuko wa kushika ukaingizwa, na Ibsen akampulizia hewa kwa mikono yake. Hewa ukaa ilishuka, hali ya msichana ikatengemaa. Pale alipoacha kumpulizia, zile dalili zilirudi, alipoendelea, zikaondoka. Hapo ubishi ukaisha. Poul Astrup, aliyeongoza maabara ya hospitali hiyo, alianza kupima pH yenyewe, na baadaye akabuni njia na vifaa vya kupimia gesi za damu vilivyoenea duniani.

Lakini nani angebana mifuko hiyo usiku na mchana? Waliitwa vijana wa rika lenu. Wanafunzi wapatao 1,500 wa udaktari na wa meno walipokezana zamu, mkono ukibana mfuko na macho yakimtazama mtoto, kwa wiki na miezi. Vifo vya wagonjwa hao vilishuka hadi chini ya nusu. Chumba cha wagonjwa mahututi kama tunavyokijua leo kilizaliwa katika mji huohuo mwaka uliofuata. Nawasimulia haya mjue kwamba ugonjwa ule haukupungua ukali. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja alimtazama mgonjwa na namba kwa pamoja, na akakataa kuiamini namba iliyopingana na mwili uliokuwa mbele yake.

Turudi kwa yule kijana wa kisukari wa pumzi 20 za uongo. Adolf Kussmaul wa Ujerumani aliieleza pumzi yake mwaka 1874: ndefu, ya kina, yenye mwendo usiobadilika, isiyo na mlio wala kizuizi. Insulini imekwisha mwilini, mafuta yanachomwa ovyo, ketoni zinajaa, na mapafu yanajaribu kufidia. Pengine ni binti wa miaka 16 ambaye hajawahi kuambiwa ana kisukari. Amekonda kwa wiki kadhaa, anakunywa maji bila kukata kiu, tumbo linamuuma, anatapika. Ndugu wanasema amerogwa au ana mapepo, na hilo silishangai, kwani hawajasomea. Linalonichoma ni pale aliyesomea anapotoa jina lake mwenyewe la kumfukuza mgonjwa: ana wasiwasi, anajifanya, mpeni Diazepamu apumzike. Atapumzika, wanangu. Pumzi itapungua, hewa ukaa itapanda, na damu ambayo mapafu yalikuwa yakiiokoa itazama ndani ya asidi kwa nusu saa. Tone la damu kwenye glukometa na ukanda wa kupimia mkojo vingetoa jibu kabla sindano haijavutwa.

Na mkishamtambua, kazi ndiyo inaanza. Maji kwanza, kisha insulini kwa kipimo cha uniti 0.1 kwa kilo kwa saa, na potasiamu muiogope kuliko sukari. Mgonjwa huyu amekojoa na kutapika potasiamu kwa siku nyingi, mwili wake ni mtupu, ila kwa kuwa hana insulini na damu ina asidi, potasiamu imetoka ndani ya chembe na kipimo cha damu kinaweza kusoma vizuri au hata juu. Insulini ikiingia, potasiamu hurudi ndani ya chembe ghafla na moyo unaweza kusimama. Ikiwa iko chini ya 3.3, rudisheni potasiamu kwanza, insulini ingoje. Msisimamishe insulini eti kwa sababu sukari imeshuka usiku wa manane. Ongezeni dripu yenye glukosi na endeleeni, kwani tunachotibu ni ketoni. Nimeona wagonjwa waliopona saa nne usiku wakarudi kwenye asidi alfajiri kwa sababu mtu aliridhika na glukometa.

Sasa nisikilizeni vizuri juu ya namba inayoua kwa kuonekana ya kawaida. Mgonjwa ana bikaboneti 8. Kanuni aliyoiacha Winters na wenzake mwaka 1967 yasema: zidisha bikaboneti kwa 1.5, ongeza 8, na hewa ukaa yapasa iwe karibu na jibu hilo, ikizidi au kupungua kwa 2. Kwa huyu jibu ni 20. Mashine ikisoma 20, pH yake ni kama 7.22, anaumwa sana lakini mapafu yanapigana. Mashine ikisoma 35, kijana asiyejua atatazama karatasi, ataona 35 hadi 45 ndiyo kawaida, na atafurahi. Pigeni hesabu: bikaboneti 8 na hewa ukaa 35 hutoa pH ya 6.98. Huyo mgonjwa amechoka. Misuli yake ya kupumulia inakata tamaa, na "kawaida" ile ni tangazo la kwamba hana saa nyingi. Hali ni hiyohiyo kwa mwenye pumu kali. Mwanzoni mwa shambulio hewa ukaa huwa chini kwa sababu anahema sana. Mkikuta imerudi kawaida huku bado anabanwa, msimpongeze kwa kutulia. Mwiteni daktari wa usingizi.

Na daktari wa usingizi akija, au nyinyi wenyewe mkilazimika kumwekea mgonjwa wa asidi mpira wa hewa kooni, mkumbuke kitu mtakachomnyang'anya. Dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli inasimamisha zile pumzi 40 kubwa alizokuwa anavuta. Kisha mtu anaiwasha mashine ya kupumulia na kuiweka pumzi 14, kwa sababu ndivyo alivyozoea kwa wagonjwa wa upasuaji. Dakika chache baadaye moyo unasimama na wote wanashangaa. Hakuna cha kushangaa. Ikiwezekana kutibu chanzo bila kumlaza, tibuni chanzo. Isipowezekana, fanyeni haraka, na mashine iwekwe ipumue karibu na vile mgonjwa alivyokuwa akipumua mwenyewe, kisha mpime tena damu.

Kuna chupa ndogo ya sodiamu bikaboneti katika kabati la dharura, na vijana huipenda kwa sababu fikra yake ni nyepesi: asidi imezidi, mwageni alkali. Laiti ingekuwa hivyo. Bikaboneti ikikutana na asidi huzaa hewa ukaa, na hiyo lazima itoke kwa mapafu. Kama mapafu yamechoka, mmeongeza mzigo. Ile ya asilimia 8.4 ina chumvi nyingi mno na huvuta maji kutoka kwenye chembe. Hushusha potasiamu, hushusha kalisi huru, na juu ya yote humpa daktari hisia kwamba ametibu. pH imepanda kidogo kwenye karatasi na mahali asidi inakotoka hakuna aliyegusa. Sisemi itupwe. Ina nafasi yake kwa mwenye potasiamu ya juu inayotishia moyo akiwa na asidi, kwa aliyemeza dawa za msongo za jamii ya amitriptilini na moyo ukabadilika mwendo, kwa sumu ya aspirini. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2018 kwa wagonjwa mahututi wenye pH ya 7.20 au chini haukuonyesha kwamba inaokoa maisha ya wote kwa jumla, ila walionekana kunufaika wale ambao figo zao zilikuwa zimeumia sana. Basi iwe dawa ya wachache mliowachagua kwa kufikiri. Kwenye ketoasidosisi ya kisukari, ikiwa pH haijashuka chini ya 7.0, iacheni kabatini.

Kwa watoto wetu naongea kwa uchungu zaidi. Mwongozo wa matibabu ya watoto unatufundisha, na kwa haki kabisa, kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 5 mwenye kikohozi au shida ya kupumua akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika tufikirie nimonia. Umeokoa wengi. Lakini mtoto wa malaria kali naye hupumua haraka, na wake ni upumuaji wa kina, kifua chote kikiinuka na kushuka, mapafu safi, oksijeni ya kidoleni asilimia 97. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walichapisha mwaka 1995 uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria, na dalili mbili za kitandani ndizo zilizobainisha wengi wa waliokufa: kupungua kwa fahamu na dhiki ya pumzi. Kazi zilizofuata hapohapo zilionyesha kwamba nyuma ya dhiki hiyo kwa wengi kulikuwa na asidi. Vimelea huziba mishipa midogo, damu imepungukiwa, tishu hukosa oksijeni na kutoa laktati. Shirika la Afya Duniani linaihesabu malaria kuwa kali bikaboneti ikiwa chini ya 15 au laktati ikifika 5. Lakini mama aliyebeba mwanawe mgongoni tangu kijijini hana muda wa kungoja namba hizo. Artesuneti ya sindano, glukosi ipimwe hapohapo, na kama mtoto amepauka viganja, damu itafutwe bila kuchelewa. Mtoto mwenye hemoglobini chini ya 4 akiingiziwa damu, ile pumzi ya kutisha mara nyingi hupungua mbele ya macho yenu, kwa sababu mmetibu kilichokuwa kikiiendesha.

Hapo ndipo mkono wa kijana hukimbilia dripu. Asidi, mzunguko hafifu, viganja baridi: mimina maji. Hata vitabu viliagiza hivyo, vitabu vilivyoandikwa kwa hospitali zenye mashine za kupumulia kila kitanda. Kisha ukafanywa utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa kwa kiwango cha takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Wasiopewa maji hayo ya haraka walikufa kwa asilimia 7.3. Matokeo yalitoka mwaka 2011 na yakawatikisa wakubwa wa fani hii duniani kote. Yalipatikana kwa watoto wa hapa kwetu, na wapo miongoni mwetu wasioyasoma hadi leo.

Msiyachukue, hata hivyo, mkayapeleka kwenye kambi ya kipindupindu. Utafiti ule haukuwahusisha watoto wa kuharisha. Mgonjwa wa kipindupindu naye anapumua kwa kina na damu yake ina asidi, ila asidi yake ina asili nyingine: amemwaga bikaboneti chooni pamoja na maji na chumvi. William O'Shaughnessy aligundua huko Uingereza, katika mlipuko wa 1831 na 1832, kwamba damu ya wagonjwa hao imepoteza maji, chumvi na alkali, na mwaka huohuo wa 1832 Thomas Latta wa Leith, Scotland, akathubutu kuwatilia maji ya chumvi mshipani. Huyu mgonjwa anahitaji maji, tena mengi, tena upesi. Mtu mzima aliyekauka sana apewe mililita 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, kisha 70 kwa kilo katika saa mbili na nusu zinazofuata, kwa dripu ya Ringer's lactate, kwani ini huigeuza laktati ile kuwa bikaboneti. Dripu hiyo ikikosekana, maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yatafaa, lakini yana kloridi 154 kwa lita, na yakimiminwa kwa wingi huongeza asidi ya aina yake. Pumzi zinafanana, wanangu, na matibabu yanapingana. Hii ndiyo sababu nasisitiza chanzo kuliko kipimo.

Kuzitenganisha asidi hizi, chukueni sodiamu, toeni kloridi na bikaboneti. Sodiamu 138, kloridi 118, bikaboneti 10: pengo ni 10, la kawaida, nanyi mnatafuta kuharisha au figo zinazovujisha. Sodiamu 138, kloridi 100, bikaboneti 8: pengo ni 30, yaani kuna asidi ngeni imeingia damuni. Ketoni, laktati, figo zilizokufa, au sumu. Kwa mgonjwa mwenye utapiamlo kumbukeni albumini. Kila gramu 1 kwa desilita inayopungua chini ya 4, ongezeni 2.5 kwenye pengo, maana bila hivyo pengo la 12 la mtoto wa kwashakoo litawadanganya.

Sumu niitaje kwa jina. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya, Embu ikiwamo, baada ya kunywa pombe yenye methanoli, wengine walipofuka. Methanoli yenyewe humlevya mtu kama pombe nyingine. Ini huigeuza polepole kuwa asidi ya fomiki, na madhara makubwa huonekana baada ya saa 12 hadi 24, wakati mnywaji na jamaa zake wanadhani ni uchovu wa ulevi. Mlevi aliyeletwa kesho yake anapumua kwa kina, anasema anaona ukungu au theluji mbele ya macho, sukari yake si juu: msimlaze pembeni alale. Kila saa inayopita ni sehemu ya uoni wake. Fomepizoli ni adimu kwetu, lakini ethanoli inayotolewa kwa kipimo na uangalizi huizuia methanoli isigeuzwe, na kusafisha damu kwa mashine huiondoa pamoja na asidi yake. Na waulizeni alikunywa na nani. Wenzake wako nyumbani wamelala.

Upande wa alkali sina mengi. Anayetapika siku nyingi, kama mtoto mchanga ambaye mlango wa kutokea tumbo la chakula umeziba, hupoteza asidi ya tumbo, kloridi na potasiamu. Mpeni maji ya chumvi na potasiamu, figo zitafanya zilizobaki, na daktari wa upasuaji asubiri damu ikae sawa kabla ya kushika kisu. Anayehema kwa hofu ya kweli yupo pia, hilo sikatai, ila jina hilo apewe baada ya kupima sukari, joto, oksijeni na kuulizwa dawa alizomeza, wala asifungwe mfuko wa karatasi mdomoni. Na mzee mwenye mapafu yaliyochakaa kwa moshi wa sigara au wa kuni, ambaye amezoea hewa ukaa ya juu, apewe oksijeni ya kumfikisha asilimia 88 hadi 92. Mkimwongezea hadi 100 mtamlaza usingizi asioamka.

Wengi wenu mtapangiwa vituo visivyo na mashine ya gesi za damu, au vilivyo nayo lakini katriji zimekwisha tangu mwaka jana. Msilifanye hilo kuwa kisingizio. Pumzi 40, kifua safi, oksijeni 98 kwenye kidole: hapo mnajua tayari kwamba damu ina asidi mpaka mthibitishe vingine. Glukometa, ukanda wa mkojo, kipimo cha malaria, hemoglobini, kreatinini na elektrolaiti zikipatikana, na maswali matano kwa ndugu aliyemleta vitawafikisha kwenye chanzo mara nyingi kuliko mnavyodhani. Na pale penye mashine, damu itolewe bila mapovu ya hewa, heparini isizidi, isikae dirishani ikingoja mhudumu. Karatasi iliyopimwa saa moja baadaye inaeleza habari za bomba la sindano.

Leo mkiingia zamu, anzeni na mgonjwa anayehema. Mwekeeni saa dakika nzima, andikeni namba ya kweli kwenye faili, na kando yake andikeni ikiwa pumzi ni fupi au ya kina. Mkishindwa kupata chanzo, mpigieni simu daktari bingwa hata ikiwa saa tisa usiku, na hiyo namba ya pumzi iwe ya kwanza kumtajia. Akikasirika kwa kuamshwa, vumilieni, kisha mwambieni tena.